Dalali Aliyetiwa Hatiani Anapoteza Nini? Mhadhara kuhusu Soko la Ardhi Handeni na Korogwe

Madalali wameitikia mwaliko na wamekaa safu za mbele. Mada ya leo inawagusa wao kabla ya mtu mwingine yeyote ukumbini.

Kusudi la mhadhara huu ni kulijibu swali moja. Mtu ambaye riziki yake ni kuuza na kupangisha ardhi na nyumba za wenzake, akitiwa hatiani mahakamani kwa kosa la jinai, je, aendelee na kazi ileile? Zipo nchi ambazo jibu limeandikwa kwenye sheria, kifungu kwa kifungu. Kwa Handeni na Korogwe jibu linategemea mtu huyo anaitwa nani. Akiitwa wakili, mthamini au dalali wa mahakama, ipo mamlaka ya kumuuliza. Akiwa dalali wa kijiweni, hakuna wa kumuuliza.

Swali lenyewe limeiva kwa sababu ardhi ya huku imepanda thamani. Kilomita 65 za lami kutoka Korogwe hadi Handeni, na 54 kutoka Handeni hadi Mkata, zimeyafikisha mashamba yaliyokuwa porini kwenye njia ya malori. Bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Chongoleani linapita Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza, na maelfu ya watu kandokando ya njia yake wamejifunza maana ya kuthaminiwa mali. Tangu Juni 2022 kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, kimepokea kaya zilizohamia kutoka Ngorongoro, na habari za ugawaji wa ardhi pale zimesikika nchi nzima. Mtu wa Dar es Salaam anayetafuta eka kumi za machungwa au za mifugo hashuki tena Segera akiuliza njia. Ana namba ya simu ya dalali.

Hoja ya kwanza: asichopewa mtu hakiwezi kunyang'anywa.

Itazameni safari ya shamba moja kutoka mkono wa muuzaji hadi wa mnunuzi, na hapo itaonekana nani ana cha kupoteza. Mpima anayeweka mawe ya mipaka yuko chini ya usajili tangu sheria ya mwaka 1977. Mtaalamu wa mipango miji anayechora ramani ya eneo ana bodi yake, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2007. Mthamini anayeandika bei ana Bodi ya Usajili wa Wathamini, chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016. Wakili anayeandaa mkataba wa mauziano jina lake limo katika orodha ya mawakili, na Kamati ya Mawakili ina uwezo wa kuliondoa. Hata dalali wa mahakama, yule anayekuja na amri ya kukamata na kuuza mali ya mdaiwa, anafungwa na kanuni za mwaka 2017 zinazosema ateuliwe vipi, alipwe kiasi gani na aadhibiwe vipi akikosea. Mafunzo ya kazi hiyo hutolewa Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto, mwendo mfupi tu kupandia Mombo.

Amebaki mmoja. Ndiye aliyewakutanisha muuzaji na mnunuzi, ndiye aliyesema shamba halina mgogoro, ndiye aliyeonyesha mpaka kwa kidole, na mara nyingi ndiye aliyeishika fedha ya kwanza. Kwa huyu Tanzania Bara haijawa na sheria mahususi ya kumsajili. Anaweza kukata leseni ya biashara halmashauri, chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, lakini leseni hiyo inasema tu kwamba mtu fulani anafanya biashara fulani mahali fulani. Haisemi kwamba amesomea kazi, kwamba anashikilia fedha za watu kwenye akaunti iliyotengwa, wala kwamba hajawahi kufungwa kwa kughushi hati. Wengi hata hiyo hawana. Ofisi yao ni simu, pikipiki na kivuli cha mwembe, na hakuna ubaya wowote katika hilo. Ubaya unaanza pale wateja wanapoibiwa na jina la mwizi halimo kwenye kitabu chochote.

Uchukuliwe mfano wa kubuni. Dalali anauza kiwanja kimoja Mombo kwa watu wawili. Anashtakiwa, anapatikana na hatia ya kujipatia fedha kwa udanganyifu, kosa ambalo Kanuni ya Adhabu imeliwekea kifungo kisichozidi miaka saba. Anatumikia adhabu yake, anatoka. Jumatatu inayofuata anashuka Segera, saa moja tu kwa basi, anakaa kijiweni, anapokea simu ya mteja kutoka Arusha. Hajavunja amri yoyote, kwa kuwa hakuna aliyemwamuru kuacha. Mteja wa Arusha naye hajafanya uzembe, kwa kuwa hakuna daftari ambalo angeweza kulifungua akalitazama jina.

Majirani walilitambua pengo hili mapema. Kenya ilitunga sheria ya kuwasajili mawakala wa nyumba na ardhi mwaka 1984, ikaunda bodi ya usajili, na kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa kukawa kosa la jinai lenyewe. Dubai, ambako wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki huenda, iliunda mamlaka ya kusimamia soko la milki mwaka 2007, na wakala hapati kadi ya kazi bila kuleta cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Sheria peke yake haijawamaliza matapeli wa Nairobi, hilo lisemwe wazi. Ila mnunuzi wa Nairobi ana pa kuuliza, na wakala mwenye hatia ana kitu cha kupoteza.

Hoja ya pili: hatia si moja, na si kila hatia iondoe riziki.

Hapa ndipo watu wema hukosea kwa hasira. Aliyeibiwa shamba husema, mtu akishafungwa asifanye kazi yoyote tena. Sheria nzuri huuliza kwanza: kosa lile lina uhusiano gani na kazi hii? Ndivyo Katiba ya Jamhuri ya Muungano yenyewe inavyofikiri. Ibara ya 67 haimzuii kila mfungwa wa zamani kuwa mbunge. Inataja aliyehukumiwa kifungo kinachozidi miezi sita kwa kosa la utovu wa uaminifu. Kama kipimo hicho kinatosha kwa mtunga sheria, kinaweza kuwa mwanzo mzuri kwa dalali.

Makosa ya kuwekwa mbele yanajulikana: kujipatia fedha kwa udanganyifu, wizi wa kuaminiwa, rushwa, utakasishaji wa fedha, na kughushi. Kughushi hati ya umiliki wa ardhi ni kosa ambalo Kanuni ya Adhabu ya Tanzania imeliwekea adhabu inayoweza kufika kifungo cha maisha. Ni ajabu kubwa kwamba kosa zito kiasi hicho halimzuii mtu, akishatoka, kurudi kuuza ardhi.

Waingereza wameongeza makosa ya ukatili. Sheria yao ya mwaka 1979 inaruhusu kumpiga marufuku wakala wa nyumba aliyetiwa hatiani kwa ulaghai, kwa utovu wa uaminifu au kwa ukatili. Kwa nini ukatili? Wapangaji, hasa dada zetu wanaofika Korogwe kwa kazi za benki, hospitali na shule, wanalielewa swali hili bila kufafanuliwa. Dalali hushika funguo za nyumba. Humwongoza mtu asiyemjua kwenye chumba kitupu, mtaa asioujua. Aliyewahi kuhukumiwa kwa kubaka au kwa kushambulia hastahili kukabidhiwa funguo hizo, hata kama hesabu zake za fedha ni safi.

Kwa upande wa pili, ajali ya barabarani haina uhusiano na udalali. Ugomvi wa kilabuni uliomalizika kwa faini, vivyo hivyo. Na lipo kosa moja linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi huku kwetu, nalo ni kuingia kwa jinai. Katika wilaya ambazo wakulima na wafugaji wanasukumana kila kiangazi, na ambazo mashamba ya zamani ya mkonge yamepakana na vijiji visivyo na eneo la kutosha, watu wengi wamejikuta kizimbani kwa kosa hilo wakati mzizi wa shauri ni ubishi wa nani mwenye ardhi. Mahakama za juu zimesema mara nyingi kwamba ubishi wa umiliki umalizwe kwanza kwenye vyombo vya ardhi kabla mtu hajaitwa mhalifu. Kwa hiyo hukumu ya kuingia kwa jinai isihesabiwe kuwa doa la uaminifu. Ikihesabiwa, mwenye nguvu atakuwa amepata fimbo mpya: amshtaki jirani leo, amkoseshe kazi kesho.

(Mzee mmoja hapa mbele anatikisa kichwa. Inaonekana mambo haya ameyaona.)

Hoja ya tatu: hukumu ya jinai na kufutiwa leseni ni mambo mawili, na kila moja lina kizimba chake.

Mahakama ya jinai huuliza kama kosa limethibitishwa pasi na shaka yoyote ya maana, kisha hutoa adhabu. Bodi ya taaluma huuliza jambo jingine kabisa: je, umma unaweza kumwamini mtu huyu kesho? Ndiyo maana mtu anaweza kuachiwa na mahakama na bado akaadhibiwa na bodi. Anaweza pia kupoteza leseni bila kushtakiwa kwa jinai hata siku moja.

Mfano ulio wazi kwa Watanzania ni wa wakili Fatma Karume, aliyepata kuwa Rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilimsimamisha kufanya kazi ya uwakili Tanzania Bara, kutokana na maneno yaliyokuwamo katika hoja alizowasilisha kwenye kesi ya kikatiba. Mwaka 2020 Kamati ya Mawakili ikaliondoa jina lake kwenye orodha. Mwaka 2021 Mahakama Kuu, wakiketi majaji watatu, ikaamuru arejeshwe. Katika muda wote huo hapakuwa na hukumu yoyote ya jinai dhidi yake.

Suala lake halikuwa la ardhi, na wasikilizaji humu wanaweza kuwa na maoni tofauti juu yake. Linaletwa hapa kwa faida ya watakaoandika sheria ya madalali. Kwanza, uwezo wa kumfutia mtu kazi ni mkubwa na unaweza kutumika vibaya au kwa haraka. Pili, kilichomrejesha ni kuwapo kwa ngazi ya juu ya kukata rufani. Ibara ya 13 ya Katiba inatoa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufani, na haibagui kati ya wakili wa Dar es Salaam na dalali wa Kabuku. Sheria ya madalali itakayokosa ngazi hiyo itazaa vijifalme wilayani: ofisa mmoja, muhuri mmoja, na kijana aliyekataa kumpa kitu kidogo anakosa kazi.

Kuna jambo la kiutendaji linalosahaulika. Mtu akitiwa hatiani leo, rufani inaweza kuchukua muda mrefu. Je, aendelee na kazi wakati anasubiri? Jibu la mhadhara huu ni asimamishwe, asifutwe. Kusimamishwa kunawalinda wateja na kunaiachia mahakama ya rufani nafasi ya kusema vinginevyo. Na siku anaposimamishwa, fedha za wateja alizonazo, malipo ya awali ya viwanja na kodi za miezi sita zilizolipwa kwa mkupuo, zihamishwe mara moja kwa mwingine anayeaminika. Bodi inayofuta jina na kuziacha fedha mfukoni mwa aliyefutwa imemlinda nani?

Hoja ya nne: kumfuta dalali hakurudishi ardhi.

Historia ya Uzigua inatoa ushahidi mzito kuliko wote. Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters na wenzake walivuka kutoka Zanzibar, wakapitia Saadani, na katika muda wa wiki chache wakakusanya karatasi zenye alama za watawala wa Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami. Uzigua hiyo ndiyo ambayo Handeni ya leo ni sehemu yake. Karatasi ziliandikwa kwa lugha ambayo watia alama hawakuisoma, zikidai kwamba ardhi na haki zote zilizo juu yake zimetolewa daima. Tarehe 27 Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikazipa karatasi hizo hati ya ulinzi ya Kaisari. Peters alikuwa wakala, kwa maana kamili ya neno: alitafuta ardhi ya watu kwa niaba ya kampuni, akaziwasilisha karatasi, kampuni ikapata.

Miaka michache baadaye akawa kamishna wa dola huko Kilimanjaro. Pale aliamuru wanyongwe mtumishi wake aliyeitwa Mabruk na msichana aliyeitwa Jagodia. Habari zilifika Berlin, mbunge August Bebel akazisema bungeni mwaka 1896, na mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ikamfukuza Peters katika utumishi, akapoteza cheo na pensheni. Hakushtakiwa kwa mauaji. Huyo ndiye dalali mkubwa wa kwanza wa ardhi ya Uzigua, na ndivyo alivyopoteza leseni yake.

Na zile karatasi je? Hakuna aliyezifungua upya. Kufukuzwa kwake hakukurudisha hata shamba moja. Koloni lilibaki, na mashamba makubwa ya mkonge yakaendelea kuenea kandokando ya mto Pangani na reli ya Tanga. Zaidi ya hapo, mwenyewe akasafishwa kidogokidogo: mwaka 1905 Kaisari alimrudishia haki ya kutumia cheo chake, mwaka 1914 akapewa pensheni, na mwaka 1937, akiwa amekwisha kufa, Hitler akamsafisha kabisa. Mabruk na Jagodia hawakupata wa kuwarejeshea chochote.

Yatolewe hapo mafunzo yanayofaa leo Sindeni na Magoma. Kufutwa kwa leseni humlinda mnunuzi ajaye. Aliyekwisha kuuziwa mbuzi kwenye gunia anahitaji mlango mwingine. Mlango mmoja ni mahakama ya jinai yenyewe, yenye uwezo wa kuamuru fidia inapomtia mtu hatiani. Waathirika waambiwe kuiomba fidia hiyo mapema, maana wengi wanadhani kesi ya jinai ni ya serikali tu. Mlango wa pili ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kama lile la Korogwe.

Mlango wa tatu upo kabla ya wizi kutokea, na ndio uliojengwa imara zaidi na sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaiweka halmashauri ya kijiji kuwa msimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, mfano wa mdhamini, na inaikataza kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Hata kabla ya sheria hiyo, mwaka 1985, Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua kwamba mauziano ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili. Mwenyekiti wa kitongoji kugonga muhuri kwenye karatasi ya daftari, dalali akiwa shahidi wa kwanza na shemeji yake shahidi wa pili, si idhini. Yapo maeneo ambayo watu wamejenga nyumba za matofali juu ya karatasi ya namna hiyo.

Kijiji kinachotunza rejesta yake ya ardhi na kuandika mihtasari ya mikutano humwondolea tapeli nusu ya nguvu zake, awe na leseni au asiwe nayo. Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, iliyoundwa mwaka 1991, ilizunguka nchi nzima ikisikiliza malalamiko ya ardhi na kupendekeza kwamba mkutano wa kijiji uwe na sauti kubwa kuliko ofisi. Kenya nayo, kupitia Tume ya Ndung'u iliyotoa ripoti mwaka 2004, iligundua kwamba ardhi ya umma haikuibwa na wanasiasa peke yao. Walisaidiwa na wanataaluma wenye leseni, wakiwamo mawakili na wapima, na tume ikataka wachukuliwe hatua. Leseni bila macho ya wananchi, kwa hiyo, inaweza kumpa mwizi heshima aliyokuwa hana.

Hoja ya tano, ambayo ni fupi: mlango wa kurudi uwepo, na urefu wa njia ujulikane.

Aliyetumikia adhabu ana watoto wa kulisha. Akifungiwa kila kazi anayoijua, anarudi kwenye ile iliyomfunga. Uingereza ina sheria tangu mwaka 1974 inayofanya hukumu za kiwango fulani zihesabiwe zimekwisha muda wake. Jimbo la California, ambako leseni za mawakala wa ardhi zilianza kutungiwa sheria mwaka 1917, lilipitisha mwaka 2018 sheria inayozizuia bodi, kwa kawaida, kutumia hukumu iliyopita miaka saba kumnyima mtu leseni. Makosa mazito yamewekwa kando. Kwa Tanzania, muda wa miaka mitano hadi saba kwa makosa ya fedha, pamoja na sharti la kuwa amekwisha kulipa fidia iliyoamriwa, ungekuwa wa haki. Sharti hilo la fidia lisilegezwe. Mtu anayedaiwa shamba la mjane asiruhusiwe kuuza shamba la mwingine.

Sasa yafaa kutazama mbele.

Wizara ya Ardhi imekuwa ikizungumzia kwa miaka kadhaa sheria ya kusimamia sekta ya milki. Msukumo unatoka hata nje. Sheria ya Kuzuia Utakasishaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2006 inawahesabu mawakala wa ardhi na majengo miongoni mwa watu wanaotakiwa kutoa taarifa za miamala yenye shaka. Tanzania iliwekwa katika orodha ya uangalizi ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakasishaji wa fedha, Oktoba 2022, ikatoka Juni 2025 baada ya kurekebisha mambo mengi. Haiwezekani kumtaka dalali atoe taarifa kama hakuna ajuaye madalali ni akina nani.

Lakini halmashauri nne zilizowakilishwa hapa, yaani Handeni Mji na Handeni Wilaya, Korogwe Mji na Korogwe Wilaya, hazina haja ya kusubiri Dodoma kwa kila kitu. Zina uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikaidhinishwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Sheria ndogo ya kwanza iweke daftari la madalali: jina, picha, eneo la kazi, namba ya simu, na tamko lenye kiapo kuhusu hukumu za miaka iliyopita. Daftari libandikwe ofisi ya kijiji, ofisi ya kata na stendi za Korogwe, Segera, Mkata na Handeni Mjini. Ada yake iwe ndogo, ili kijana wa pikipiki asikimbie. Halmashauri zikubaliane kubadilishana majina, ili tapeli anayeondolewa Mombo asikute daftari tupu Kabuku.

Uingereza hapo ina somo jingine la bei nafuu. Kule hakuna leseni ya wakala wa kuuza nyumba. Kilichopo ni orodha ya waliopigwa marufuku, iliyo wazi kwa umma, na anayeifanya kazi hiyo akiwa kwenye orodha anatenda kosa. Bunge la Tanzania linaweza kuanza na orodha ya namna hiyo, kisha leseni ikafuata baada ya watu kusomeshwa.

Madalali wenyewe, nanyi mpo hapa, mnaweza kuanza kabla ya diwani na kabla ya mbunge. Undeni chama wilayani, mkubaliane kwamba fedha ya mauziano haipiti mkononi mwa dalali bali benki au kwa wakili, na kwamba mwenzenu akitiwa hatiani kwa kughushi mtawatajia wateja jina lake wakiuliza. Wengi wenu mmefanya kazi hii kwa uaminifu kwa miaka, na mnaumia kuliko yeyote kila mara mmoja wenu anapowachafulia jina.

Muswada utakapoletwa, maofisa watendaji na wajumbe wa mabaraza wausome na kuutafutia majibu ya maswali haya: ni makosa gani yametajwa kwa majina, nani atasikiliza rufani na atakaa wapi, fedha za wateja zitahamia kwa nani siku ya kusimamishwa, na je, dalali wa Kwamsisi atasajiliwa Handeni au atalazimika kwenda Tanga mjini? Swali hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini nauli ya kwenda na kurudi ndiyo itakayoamua kama sheria itawafikia watu wa huku au itabaki ya mijini. Maoni yaandikwe, yapitie kwa madiwani waliopo ukumbini leo, yafike kamati ya Bunge yakiwa na sahihi za wanakijiji.

Muda uliobaki ni wa maswali, na ingekuwa vyema mtu wa kwanza kupewa kipaza sauti awe dalali.